Maji Magumu

14 Novemba 2022, Dar es Salaam

Nimejisajili. Stashahada ya Uzamili ya Elimu, mwaka mmoja, masomo ya kufundishia Kemia na Baiolojia. Kwenye fomu kulikuwa na mstari unaouliza kwa nini nataka kuwa mwalimu. Nimeandika habari za wito. Uongo mtupu. Kiwanda kilipunguza watu mwezi wa sita, maabara ikabaki na wawili, na mimi sikuwa mmoja wao. Miaka minne nimepima sabuni za watu: unyevu, alkali, povu. Shahada ninayo, lakini bila cheti cha ualimu hakuna shule ya serikali itakayonipa darasa.

Mama kwenye simu: "Ualimu si haba, mwanangu. Mshahara mdogo lakini unaingia kila mwezi." Halafu akanikumbusha nilivyokuwa nikiwaliza wadogo zangu nikiwafundisha hesabu. Hilo sikulijibu.

2 Desemba

Darasani tumo kila aina ya watu. Yupo bwana shamba, yupo mhitimu wa Jiografia aliyekaa miaka mitatu kwenye kibanda cha pesa za simu, yupo kaka mmoja aliyefundisha shule binafsi muda mrefu bila cheti na sasa amekifuata. Huyo wa mwisho hufumba macho mhadhiri akisema "mwanafunzi wa kawaida."

Leo Saikolojia ya Elimu: Vygotsky. Mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, kifua kikuu, miaka 37. Ametuachia wazo ambalo nimelipenda: yapo mambo mtoto anayaweza peke yake, yapo asiyoyaweza kabisa, na katikati yapo anayoyaweza akishikwa mkono. Kazi ya mwalimu iko hapo katikati. Tumeambiwa haya kwa saa mbili, mhadhiri akisoma ukutani, sisi tukinakili, hakuna aliyeulizwa chochote. Ushirikishaji umefundishwa kwa imla.

19 Januari 2023

Andalio la somo. Utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. Kila hatua na dakika zake, safu ya mwalimu anafanya nini, safu ya mwanafunzi anafanya nini, safu ya tathmini. Nimetumia saa nne kuandika kipindi cha dakika 40. Kule kiwandani pia tulikuwa na fomu, lakini fomu ilijazwa baada ya kupima. Hapa chini kabisa pana sehemu ya kuandika kama wanafunzi wameelewa, na wote tumeijaza kabla ya kufundisha. "Wengi wameelewa." Hata bwana shamba ameandika hivyo hivyo.

9 Machi

Kufundishana wenyewe kwa wenyewe, dakika 15 kila mtu. Wenzangu wakajifanya kidato cha pili. Wanafunzi wazuri ajabu: wananyoosha mikono, wanajua majibu yote, mmoja akajitia kusinzia ili nipate la kufanya. Nikamaliza nikiwa nimejiona.

Mhadhiri wa mbinu za kufundishia sayansi, mama wa makamo asiyesoma ukutani, alikuwa nyuma na saa yake. "Umeuliza maswali 11," akasema. "Katika 9 umejibu mwenyewe. Umesubiri kama sekunde moja hivi." Kisha akatueleza kuhusu Mary Budd Rowe, Mmarekani, aliyesikiliza kanda za walimu wa sayansi miaka ya 1960 na 1970. Akakuta mwalimu akishauliza husubiri sekunde moja tu kisha anadakia. Waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema.

Sekunde tatu! Nimejaribu usiku huu chumbani, peke yangu, nikiuangalia ukuta. Ni nyingi mno. Unahisi kama umesahau mstari jukwaani.

17 Julai, Muheza

Fildi, mazoezi ya kufundisha, wiki nane. Shule ya kata, moja ya zile zilizoota wakati wa MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanzia 2004, wananchi wakachangia mchanga na mawe. Nyuma yake michungwa, na msimu umechanganya, kila kona malori na magunia. Nimepewa Kemia kidato cha tatu, mikondo miwili, wanafunzi 118. Mwalimu wa Kemia ni mmoja tu, anafundisha na Fizikia pia. Furaha aliyoonyesha kuniona haikunihusu mimi binafsi.

Ofisini mwalimu mmoja kanikabidhi fimbo ya mpera, imenyooka, imechongwa vizuri. "Madamu, bila hii hawakusikii." Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Aliyenipa anazijua kuliko mimi. Nimeshukuru, nimeiweka nyuma ya kabati.

20 Julai

Mada: ugumu wa maji. Nikaandika kichwa cha somo ubaoni kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na kwa Kiingereza nikauliza maji magumu ni nini. Moja. Mbili. Tatu. Kimya. Nikaendelea kuhesabu. Kwenye tano akasimama binti wa dirishani, mrefu, sweta limetoboka kiwiko, akajibu kwa sauti ya kukariri: barafu.

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Darasa zima linamtazama mtu aliyesema maji magumu ni barafu, na hakuna anayecheka.

Nikadhani kosa ni la Kiingereza. Kwenye korido pana kibao kinachokataza Kiswahili, nikakisahau, nikawaambia waziwazi: "Maji magumu. Nani anayajua maji magumu?" Binti akaitikia kwa kichwa, uso umemchangamka kwamba sasa tumeelewana. "Ndiyo madamu. Barafu."

Ana haki. Kilicho kigumu ni kile usichoweza kukibonyeza. Nani alikwenda kuita maji ya kisima magumu? Wote tulioko ofisini tumeyaita hivyo tangu kidato cha tatu chetu na hatukushangaa, kwa sababu tulipewa maana tukaikariri kabla ya kupata nafasi ya kushangaa. Kwa miezi kadhaa chuoni nimewasikia watu wakisema badilisheni lugha tu na mambo yote yatanyooka. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo. Leo nimebadilisha lugha na barafu imebaki palepale.

Nikauliza tena, kwa namna nyingine: nyumbani, maji gani yanamaliza sabuni? Mikono ikapaa. Kisima cha msikitini. Kisima cha hapa shuleni. Ya mvua hayamalizi, ya mvua povu lake halisafishiki. Kijana mmoja akasema sufuria ya kuchemshia maji kwao imeota "ngozi nyeupe" ndani. Kengele ikalia, nusu ya andalio sijaigusa.

24 Julai

Aibu. Niliwaambia kila kundi lije na chupa mbili za plastiki na sabuni. Maabara ni chumba chenye meza, makabati yamefungwa, gesi hakuna, lakini kwa jaribio hili chupa zinatosha: maji ya mvua kutoka tangi la shule katika moja, ya kisima katika nyingine, tone la sabuni, tikisa, tazama. Wakatikisa. Povu likajaa zote mbili, sawasawa. Kundi baada ya kundi.

Walileta sabuni ya unga. Sabuni ya unga ya siku hizi si sabuni kwa maana ya kikemia, haishikani na kalisi ikaganda kama inavyoganda ya mche, kwa hiyo haijali maji ni ya wapi. Na anayewaambia ni mtu aliyefanya kazi maabara ya sabuni miaka minne. Nikawaambia ukweli: nimekosea maelekezo, kipindi kijacho sabuni ya mche. Kijana wa nyuma akauliza, kwa nini basi isitumike hiyo ya unga siku zote, kama maji hayaisumbui? Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika, na ndiyo biashara nzima ya watengenezaji wa sabuni za unga.

27 Julai

Sabuni ya mche, imeparuzwa, imeyeyushwa katika maji ya moto, kila kundi na mrija wa soda kama kidondoshea. Kanuni: tone moja, tikisa, mpaka povu likae dakika nzima bila kuzama. Binti wa dirishani ndiye mwandishi wa kundi lake. Anahesabu kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza. Maji ya mvua: matone 4. Ya kisima: 27, na juu yake umetanda utando wa kijivu kama maziwa yaliyoharibika. Ya kisima yaliyochemshwa: 15.

Mbona hayakushuka hadi 4? Hapo nikapata mlango wa sehemu ya pili bila kuusukuma. Kuna ugumu unaoondoka kwa moto, ule wa haidrojenikabonati za kalisi na magnesi, na ndio unaoota kwenye sufuria ya kwao yule kijana. Kuna ugumu usioondoka kwa moto, wa salfeti. Kitabu kinasema utumie sodiamu kabonati. Chumvi hiyo haipo hapa. "Bibi yangu," akasema binti, akasita, akakitazama kibao kupitia mlango. Nikamwambia aendelee. "Bibi huweka majivu. Anayachuja, yale maji yake anayamwaga kwenye ndoo ya kufulia."

Nikatuma mtu jikoni kwa wapishi. Majivu, maji, kitambaa. Maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu yana kabonati ya potasiamu. Inaishika kalisi na kuizamisha chini, kazi ileile ya ile chumvi ya kitabuni. Tukayatia kwenye maji ya kisima, tukangoja yatulie. Matone 7. Wakapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia kuna nini.

2 Agosti

Msimamizi kutoka chuo kaja bila taarifa, kakaa dawati la nyuma na fomu yake. Somo lilikwenda kama maji ya mtaroni. Kila swali mikono thelathini, majibu kamili, Kiingereza safi. Nilianza kushuku kwenye jibu la nne. Baadaye kiranja akakiri: waliliona gari la chuo getini asubuhi, wakagawana majibu kutoka kwenye daftari wakati wa chai ya saa nne. "Tusingekuacha uaibike, madamu."

Alama zangu ni nzuri sana. Zana, sauti, matumizi ya ubao, vyote vimepigiwa vema. Lakini tukiwa chini ya mwembe, fomu ikiwa imeshakunjwa, mzee yule akaniuliza kitu kisichokuwemo kwenye fomu: "Nani hakuelewa leo, na umejuaje?" Nikahesabu zaidi ya sekunde tatu. Sikuwa na jibu. Hakunipunguzia alama, na hilo limeniuma kidogo.

Angekuwa nyuma ya darasa kile kipindi cha barafu, ningeshindwa.

9 Agosti

Jana Nanenane, shule imefungwa, nimekata karatasi 118 ndogo kutoka daftari za zamani. Leo mwisho wa kipindi kila mtu kaandika kitu kimoja ambacho hajakielewa, bila jina, lugha yoyote. Nimezisoma usiku kwa taa ya simu, umeme umekatika. Kumi na tisa wameandika "nimeelewa vyote," watu waoga au waungwana. Wengi hawajui kalisi inaingiaje kwenye maji. Wanadhani inatiwa na mtu. Mmoja: "Kwa nini maji yakiwa masafi bado ni magumu." Mmoja: "Sijala tangu jana." Kwa ajili ya huyo nimekwenda kumwona mama mlezi wa wasichana, na mwalimu wa wavulana pia, maana mwandiko sikuujua.

23 Agosti

Kelele. Mkondo wa pili wamejua fimbo haitoki nyuma ya kabati, na leo wamenimaliza. Nimepiga meza, nimetishia, nimemtoa mmoja nje asiyehusika. Aliyenipa fimbo hakusema kitu, alipandisha nyusi tu akinywa chai. Sitajidai hapa kwamba upole umeshinda. Wiki hii haujashinda.

8 Septemba

Mwisho. Nimesahihisha jaribio. Wastani wa mikondo yote 9 kwa 20, juu ya ule wa mwezi Mei kwa alama moja na kitu. Si habari ya kupigiwa vigelegele. Wazazi wawili wametuma machungwa, gunia zima, sijui nitalipakia vipi kwenye basi.

Binti wa dirishani kapata 12. Swali la kwanza, alama mbili, liliwataka waeleze maji magumu ni nini. Kaandika kwa Kiingereza cha kwake kwamba ni maji yanayoikataa sabuni mpaka uyabembeleze. Mwongozo wa kusahihisha unataka "maji yasiyotoa povu kwa urahisi yakichanganywa na sabuni." Mwenzangu wa Fizikia akaisoma, akatikisa kichwa: msahihishaji wa mtihani wa taifa hampi huyu hata moja. Anaweza kuwa na haki. Nimempa zote mbili, na pembeni, kwa wino mwekundu, nikaandika sentensi ya mwongozo neno kwa neno ili aikariri kabla ya mwakani.