Kadi Niliyoificha

Kadi yenyewe ni ya karatasi ngumu ya manjano, imekunjwa mara mbili, pembe zake zimeliwa na mende. Mama aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na risiti zake za sadaka. Mstari wa kwanza una mwaka 2012, na pembeni daktari wa mifugo ameandika kwa kalamu ya wino: jike, takriban mwaka mmoja, mguu wa nyuma wa kushoto umevunjika. Chini yake inafuata mihuri, mwaka baada ya mwaka, hadi Septemba 2021. Wiki mbili baada ya kumzika mama niliitoa kadi hiyo koponi, nikaitia mkobani na kufunga zipu. Kosa langu lilianzia hapo, nami nataka kulisema lote.

Mbwa anaitwa Simba, ingawa ni jike. Mama alimwokota Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapochepuka kutoka ile ya Mombasa. Alikuwa akitoka kuuza maembe. Gari lilikuwa limemgonga mbwa na kumwacha kwenye changarawe, na watu walikuwa wakimruka wakielekea kwenye matatu zao. Mama alivua leso, akamfunga ndani yake, akamlipa makanga nauli ya watu wawili. Alipofika nyumbani Mutituni tulimwambia amejitafutia kazi. Akatujibu kwamba kazi ameizoea.

Simba aliishi naye miaka kumi bila mnyororo. Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo. Miaka miwili ya mwisho masikio yalikufa. Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu alikuwa akimwita wakati wa kula na mbwa haji mpaka amwone. Tangu siku hiyo akawa hamwiti kwa jina. Alipiga mguu chini mara mbili, puu puu, na Simba aliyekuwa amelala kivulini akainua kichwa. "Masikio yamekwenda," mama aliniambia, "lakini anasikia kwa tumbo." Niliona jambo hilo kwa macho yangu si chini ya mara ishirini. Naomba mlikumbuke, kwa maana ndilo nililolificha pamoja na kadi.

Mama alifariki Juni 2022. Ukambani mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na watu walikuwa wakiuza mbuzi kwa bei ya kuku. Ndugu zangu wako Nairobi na Mombasa. Mimi nina duka la ushonaji mjini Machakos, karibu na soko la Marikiti, na ninakopanga ni ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki hata paka. Boma la Mutituni lilifungwa. Jirani alikubali kumpa Simba ugali kwa siku chache, lakini aliniambia waziwazi kwamba watoto wake wenyewe hawashibi.

Nani atamchukua mbwa wa miaka kumi na mmoja? Kwetu mbwa ni mfanyakazi. Analinda boma, anafukuza nyani shambani, anakwenda malishoni na mbuzi, na akichoka hakuna anayeuliza alikwenda wapi. Mbwa wengi hata hawafiki kuchoka. Utafiti uliofanywa katika iliyokuwa wilaya ya Machakos na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba nusu ya mbwa walikuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja, na kwamba mbwa jike anapozaliwa anatarajiwa kuishi miaka 2.4, dume 3.5. Nilipokuja kuzisoma tarakimu hizo nilimtazama Simba kwa jicho jingine. Aliishi zaidi ya mara nne ya umri wa wenzake kwa sababu mwanamke mmoja mwuza maembe alimpeleka kuchanjwa kila mwaka, na kila jioni alimbakizia supu ya mifupa. Mimi niliuona umri huo kuwa aibu ya kufichwa, kama doa kwenye kitambaa cha mteja.

Basi nikatuma tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama chetu. Niliandika: mbwa jike, miaka sita, mkali, mlinzi hodari, anatolewa bure. Nikaweka picha niliyompiga zamani, uso wake ungali mweusi.

Siku hiyo hiyo alinipigia baba mmoja wa Katumani, kwenye barabara ya Wote. Alikuwa amejenga karibuni na alitaka mlinzi. Alikuja na pikapu, mtu mpole, amebeba hata kamba mpya. Akamtazama Simba, akagusa mvi za mdomoni. "Mama, huyu si mzee?" Nikamwambia ndivyo alivyozaliwa, ana rangi hiyo. Akauliza kama amechanjwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kadi. Nikasema ilipotea katika shughuli za mazishi. Mkoba ulikuwa begani kwangu, na kadi ilikuwa ndani. Nililitumia hata jina la mazishi ya mama yangu.

Kuhusu masikio hakuniuliza, kwa sababu hakuna anayekwenda kuchukua mbwa akauliza kama anasikia. Nami sikumwambia kuhusu kupiga mguu chini. Ningemwambia, angejua.

Wiki mbili baadaye nilimpigia. Akasema Simba anakula vizuri ila ni kama kiburi, akiitwa haji. Hapo palikuwa pa kusema kweli, tena kwa wepesi, na pengine angecheka tu. Nikamwambia bado anazoea mazingira. Uongo wa kwanza nilikuwa na kisingizio chake, nilikuwa na majonzi na nilikuwa na haraka. Huu wa pili niliusema nikiwa nimekaa, chai mkononi, akili zangu timamu.

Jumapili ya tatu simu iliita nikitoka kanisani. Simba alikuwa amemuuma mtoto wa yule baba, mvulana wa miaka saba, mkononi. Mtoto alimkuta mbwa amelala chini ya ghala, akainama kumpapasa. Mbwa asiyesikia akiguswa usingizini huamka na meno kabla ya kujua ni nani. Baba alikuwa ameuosha mkono kwa maji na sabuni robo saa nzima kama inavyotakiwa, na sasa walikuwa njiani kwenda hospitali. "Mama, tafuta ile kadi," aliniambia. "Hata kipande."

Nikajibu, "Nitatafuta."

Aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa kwa nini sauti yake ilitetemeka. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina dawa, mtu anakufa. Serikali ilizindua mkakati mwaka 2014 wa kukitokomeza ifikapo 2030, na wataalamu husema mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini mambo ya saba kati ya kumi hayamsaidii mzazi ambaye hajui kama mbwa huyu mmoja yumo katika wale saba au katika wale watatu. Kinachomsaidia ni karatasi ya manjano. Nami nilikuwa nayo.

Usiku huo niliiweka mezani. Ningeitoa, mwaka 2012 ulikuwa pale juu na ungenisema. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, ule mkubwa wa kukatia suti, nikapima kwa jicho mahali pa kukata ili mstari wa kwanza utoke na mihuri ibaki. Nilijiambia kilicho muhimu ni muhuri wa mwisho, ule wa Septemba 2021, wa kampeni za chanjo zinazofanywa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28. Hiyo kweli nilikuwa nayo, kwa nini niwape na aibu yangu juu yake? Nikabana. Mkasi uliingia upana wa kucha. Kisha nikaona ule mwandiko, mguu wa nyuma wa kushoto, nikaiona leso ya mama. Nikauweka mkasi. Ningependa kuandika kwamba niliamka nikaenda saa hiyo. Sikuenda. Nililala. Na Jumatatu nilifungua duka, nikashona sare za shule hadi jioni, simu nimeizima.

Nilikwenda Katumani Jumanne asubuhi kwa boda. Baba alikuwa langoni. Nilimpa kadi mkononi kabla ya salamu kuisha, nikamweleza yote tukiwa tumesimama: umri, mvi, masikio, picha ya zamani, kadi iliyokuwa begani siku ile. Aliisoma mstari kwa mstari. Akasema chanjo mtoto angeanzishwa vyovyote, daktari hakutaka kungoja, na sindano ya pili ni siku ya tatu tangu ile ya kwanza, yaani kesho yake. "Lakini mke wangu hajalala tangu Jumapili," akasema. "Kadi hii ingemlaza." Hakupandisha sauti. Ningeona nafuu kama angepandisha.

Simba alikuwa amefungiwa kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba. Majirani walikuja na marungu Jumapili jioni, naye akawazuia, kwa sababu afisa wa mifugo alimweleza kwamba mbwa aliyeuma anatazamwa siku kumi. Kama virusi vilikuwa kwenye mate yake siku ile alipouma, katika siku hizo ataonyesha dalili na kufa, na akizimaliza mzima basi hakumwambukiza mtu. Mtu niliyemdanganya mara tatu ndiye aliyeuokoa uhai wa mbwa wa mama yangu.

Mvulana alitoka, mkono umefungwa bendeji. Nilimwomba msamaha. Akanitazama kwa makini kama wanavyotazama watoto wanaotaka jambo lieleweke.

"Mimi nilimwita," akasema. "Simba, Simba. Mara mbili. Ndio nikamgusa."

Alikuwa amefundishwa kwamba mbwa huitwa kwanza. Alifanya kila kitu sawasawa. Kosa halikuwa la mtoto, na halikuwa la mbwa.

Siku zilizobaki nilikwenda kila jioni baada ya kufunga duka, na uji wa mahindi wenye omena ndani ya kopo. Siku ya kumi Simba alikula, akanywa, akalamba kopo. Mtoto aliendelea vizuri. Nauli na gharama za hospitali nililipa, ingawa baba alitaka kukataa. Kisha nikamchukua mbwa, na kwa kuwa sikuwa na pa kumpeleka akakaa dukani, chini ya cherehani. Kila nilipokanyaga pedali sakafu ilitetemeka naye akainua kichwa, akidhani ameitwa. Wiki nzima nilishona hivyo.

Nilifikiria kupiga simu KSPCA, kule Karen, ambao huwatafutia mbwa makao. Nambari nilikuwa nayo tangu mwanzo. Sikuwapigia mapema kwa sababu nilijua swali lao la kwanza lingekuwa umri. Kabla ya kuwapigia nikaandika tangazo la pili kwenye kikundi kile kile, mbele ya watu wale wale walioliona la kwanza. Ana miaka kumi na mmoja. Hasikii. Jicho la kulia lina ukungu wa mtoto wa jicho. Mguu umepinda. Halindi kitu. Amemuuma mtoto akiwa usingizini, sababu ni mimi kuficha uziwi wake, na siku kumi zimepita yu mzima. Ana chanjo za kila mwaka, kadi ipo. Ya kwanza niliyoandika juu yake haikuwa kweli. Nikaweka picha ya siku hiyo, na mvi zake zote.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu akanipigia mwalimu mstaafu wa Kathiani, mjane, mwanachama mwenzetu tangu chama kilipoanza. Simfahamu sana, tunakutana mara moja kwa mwezi.

"Mwanangu, huyu ndiye yule wa miaka sita?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Niliona tangazo lile. Nikasema miaka sita ni nguvu nyingi, atanivuta aniangushe, na mimi nyonga hii ishatengenezwa mara moja. Mbwa mkali wa nini mimi? Nilikuwa nataka mzee mwenzangu wa kukaa naye barazani. Ungesema tangu hapo."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Wakati wote ule nilipokuwa nikimpunguzia Simba miaka ili apendwe, nilikuwa nikimficha mbele ya mtu aliyemtaka kama alivyo. Alikuwa kwenye simu yangu, ameliona tangazo, amepita.

Nilimpeleka Jumamosi. Nyumba ya Mwalimu ina baraza ya saruji, mwembe mmoja, na ua wa michongoma usio na pengo. Watoto wadogo hawapo, wajukuu huja Desemba. Nilimkabidhi kadi. Aliivaa miwani yake, akaisoma, kidole chake kikapita juu ya mihuri, kikasimama pale ukingoni.

"Na hapa pamefanya nini?"

"Hapo nilitaka kuukata mwaka."

Akanitazama juu ya miwani kwa muda, kama anayemtazama mwanafunzi aliyekuja na daftari la mwenzake. Kisha akaikunja kadi kwa mikunjo ile ile ya mama, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Simba alikuwa amekwisha lala kwenye saruji, mgongo wake umetuelekea. Mwalimu aliuliza anaitwaje. Nikamwambia jina, na nikamwambia kwamba jina halitamsaidia.

"Piga mguu chini, Mwalimu. Mara mbili."

Alishika nguzo ya baraza, akauinua mguu mzima, akapiga.