Fundi wa Aggrey Hana Mwenzake Hamburg

Mwezi Novemba simu yangu iligoma kuingiza chaji. Ugonjwa wenyewe kila mtu anaujua: mdomo wa chaji umelegea, ukiupinda waya upande mmoja inaingiza, ukiuachia inakata. Nikaipeleka kwenye duka moja kubwa la simu hapa Hamburg. Kijana wa kaunta aliipokea kwa adabu, akaingiza namba zake kwenye kompyuta, kisha akanipa masharti. Simu itatumwa mji mwingine na kukaa huko wiki mbili. Kabla haijatumwa, nifute kila kilichomo. Gharama inaweza kufika euro 160, na kwa kuwa simu ina miaka mitatu, ushauri wake ni ninunue mpya. "Hii imeshazeeka," akasema.

Imezeeka vipi? Kioo kizima, kamera nzima, laini zote mbili zinashika, na sauti za mama kutoka Tanga zimo humo ndani, za asubuhi akiniuliza nimeamkaje na za jioni akinipa habari za misiba na harusi. Kilichoharibika ni kijidude kisichofika hata ukubwa wa ukucha. Niliichukua simu yangu nikaondoka, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Disemba nilipokwenda nyumbani, niliipeleka Kariakoo, Dar es Salaam, mtaa wa Aggrey.

Mnapajua. Maguta, wabeba mizigo, spika zinazotangaza bei kwa kushindana, vijana wanaokuvuta kwa kava na protekta kabla hujasema unataka nini. Unapanda ngazi nyembamba, unaingia kwenye fremu iliyogawanywa kwa vioo hadi kila fundi kabaki na nafasi ya kiti na kimeza. Juu ya kimeza kuna taa, lenzi, blowa, pawasaplai na kikopo cha flaksi, na bisibisi za kila saizi zimenasa kwenye sumaku.

"Shikamoo mama. Inasumbua nini?"

"Marahaba mwanangu. Haiingizi chaji."

Aliichomeka kwenye kipimo, akasoma, akauchungulia mdomo kwa lenzi. "Mdomo ndio umekufa. Sistimu yenyewe iko salama, usihofu. Elfu arobaini." Tukashushana mpaka 25,000. Akaupasha moto mgongo wa simu ili gundi ilegee, akaufungua bila kuukwaruza, akachomoa betri kwanza, ndipo akatoa bodi. Mdomo wa zamani aliunyanyua kwa blowa, akasafisha risasi iliyobaki, akapaka flaksi, akaukalisha mpya mahali pake na kuushikisha pini kwa pini, mkono hautetemeki. Kabla hajafunga aliijaribu mbele yangu: waya ukatulia, umeme ukaingia. Muda wote nilikuwa kwenye stuli pembeni yake. Hakuna kilichofutwa, na simu haikuondoka machoni pangu.

Nayasema haya nikijua mtakavyonijibu, maana mafundi wetu mnawafahamu. Wapo wanaokuwekea kioo cha kopi kwa bei ya orijino. Wapo wanaochomoa kifaa kizima kwenye simu yako na kukubandikia kibovu. Wapo wa "njoo kesho", na hiyo kesho ukija unakuta fremu ina mpangaji mwingine. Wapo pia wanaochungulia picha za watu, jambo la aibu lisilo na utetezi. Ndiyo maana kila familia ina fundi wake, na jina lake linapokezwa kama linavyopokezwa jina la mkunga anayeaminika: alimtengenezea shangazi, shangazi akamwelekeza jirani, jirani akamleta shemeji. Fundi akiharibu, habari zinafika Magomeni kabla ya magharibi. Dhamana ya Aggrey ni jina la mtu, na mwenye jina hulilinda kwa sababu ndilo linalomlisha.

Najua pia kwamba haya yote yamezaliwa na shida. Kwa mama anayeuza mihogo, simu ya laki tatu ni mtaji. Ndimo wateja wanamolipia na ndimo anamoagizia mzigo. Haiwezi kutupwa kwa sababu ya mdomo wa chaji. Kwetu pangaboi likiungua mota linasukwa upya, pasi inabadilishwa waya, friji linajazwa gesi, na televisheni inafunguliwa sebuleni watoto wakitazama. Lakini tusidhani kwamba kilichoanza kwa shida kimebaki shida. Kimekuwa elimu. Kijana yule ana ramani za bodi kwenye kompyuta yake. Anafuata njia ya umeme kutoka kwenye betri mpaka kwenye aisii ya chaji, na anajua ni kipande gani kikifa simu inapata moto, na kipi kikifa inajizima yenyewe. Akikwama anaupiga picha ugonjwa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzake, na majibu yanakuja.

Chini ya meza yake kuna kasha limejaa simu zilizokufa: Tecno, itel, Infinix, Samsung. Hilo ndilo ghala lake. Iliyopasuka kioo inatoa betri, iliyoingia maji inatoa kioo, iliyoungua bodi inatoa kamera, na simu moja iliyokufa inaweza kuwainua wagonjwa wanne. Spea mpya zipo madukani ghorofa ya chini, zimeletwa kutoka Guangzhou na wafanyabiashara ambao fundi anawapigia simu bila kuinuka kwenye kiti.

Hapa Ujerumani saa moja ya fundi ni ghali, pango la duka ni ghali, na simu zinatoka kiwandani zimegandishwa kwa gundi. Watu wakaacha kutengeneza. Kitu kikigoma kinapelekwa kituo cha taka, kinawekwa kwenye kontena lake, na aliyekipeleka anarudi nyumbani akiamini ametimiza wajibu. Hesabu inasema vingine. Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki iliyotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ilionyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Ulaya yenyewe imeshtuka. Mwaka 2009 huko Amsterdam walianzisha Repair Café, mahali ambapo wastaafu na mafundi wa kujitolea huwatengenezea watu vitu bila malipo, na mpango huo umeenea nchi nyingi, Ujerumani ikiwemo. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji kubandika kwenye simu alama ya kuonyesha inatengenezeka kwa kiasi gani, alama ya juu ikiwa kumi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa betri zake zibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na mtengenezaji anatakiwa aendelee kutoa spea kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli hiyo. Sheria ya haki ya kutengenezewa iliyopitishwa mwaka 2024 imezipa nchi wanachama hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuitumia.

Nazipongeza sheria hizi kwa moyo mweupe, maana zitanifaa na mimi. Lakini nikizisoma naona Ulaya inahangaika, kwa kalamu na kwa faini, kurudisha kitu ambacho pale Aggrey hakijawahi kuondoka.

Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Kwenye televisheni za huku, Afrika ikihusishwa na vifaa vya elektroniki, tunaonyeshwa vijana wakichoma nyaya kwenye jalala ili wapate shaba. Moshi ule ni wa kweli, sumu yake ni ya kweli, na waliopeleka zile taka wanapaswa kuulizwa. Lakini yule anayeiongezea simu miaka mitano ya uhai, akazuia isifike jalalani, hatumwoni. Mtaalamu wa mazingira akisema vitu vitumike muda mrefu, anapigiwa makofi ukumbini. Fundi wa Kariakoo anayeifanya kazi hiyo kila siku kwa mikono yake anaitwa sekta isiyo rasmi.

Na sisi wenyewe je? Nilipotoka Aggrey na simu yangu imepona, nyumbani niliulizwa, "Mama mkubwa, unatoka Ulaya na simu ya kutengenezwa?" Swali hilo limenichoma kuliko maneno ya yule kijana wa kaunta, kwa sababu limetoka kwa watoto wetu. Tumewalea kwa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, halafu tunawafundisha kwa macho yetu kwamba mwenye kuziba ufa ni maskini na mwenye kununua ukuta mpya ndiye ameendelea. Sisi wa ughaibuni tumeuchochea ugonjwa huo. Kila likizo tunashuka na maboksi, na heshima yetu inapimwa kwa toleo la simu tulilobeba.

Halmashauri nazo zinamtazama fundi kwa jicho lile lile. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, hoja ilikuwa usafi na mpangilio wa jiji. Jiji safi nalitaka na mimi. Lakini kwenye amri za namna hiyo fundi mwenye kimeza cha barazani anahesabiwa sawa na meza ya soksi, inayoweza kuhamishiwa popote. Fundi akihamishiwa mahali pasipo na umeme wa uhakika, wala duka la spea jirani, wala mteja apitaye, hajahamishwa, amefungiwa kazi.

Halafu kuna wenye viwanda. Siku hizi zipo simu ambazo ukibadilisha kioo au betri, hata kwa kifaa halisi kilichotolewa kwenye simu nyingine ya aina ile ile, zinakukataa: zinaandika onyo au zinazima baadhi ya kazi mpaka kiwanda kikitambue kifaa kile. Jimbo la Oregon huko Marekani lilitunga sheria ya kupiga marufuku mtego huo mwaka 2024. Februari 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja kuwa masasisho ya programu yangeweza kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Wenzetu wamebanwa wakapiga kelele, na kelele zao zimesikika. Kwetu simu ikikataa kioo, anayelaumiwa ni fundi, kwamba kaweka kibovu, na kasha lake la simu zilizokufa linapoteza thamani bila Bunge lolote kulijadili.

Nataka tulijadili. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, tukaona kwamba serikali ikiamua inaweza. Basi iamue na kwenye spea, ili kioo cha kopi kiuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Iwatake wanaoingiza simu nchini walete na spea zake, na wasilete simu zinazokataa mkono wa fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi mtaani na kuwapa vyeti; utaratibu huo upande zile ngazi nyembamba uwafuate walipo, kwa ada wanayoimudu, saa ambazo hawana wateja. Na mwenye cheti awekewe mezani kitabu cha malalamiko, ili wale wachungulia picha na wabadilisha vifaa wasiendelee kujificha nyuma ya mafundi waaminifu.

Na sisi wa huku tuna sehemu yetu. Sheria hizi za Ulaya zimetuweka karibu na spea halisi ambazo fundi wa Aggrey anazipata kwa taabu. Tunapokwenda likizo na kilo zetu za mizigo, tubebe spea: vioo orijino, midomo ya chaji, lenzi nzuri, hadubini ndogo ya mezani, bisibisi za chuma kigumu. Betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu mashirika ya ndege hayaruhusu kuziweka kwenye begi linalokwenda chini. Ushuru tulipe inapopasa, risiti tuzitunze. Mpwa akitaka simu, tumpeleke kwa fundi akatengenezewe aliyonayo, na fedha iliyobaki ilipe ada ya shule.

Likizo ya Disemba ikikaribia, watu huulizana kwenye makundi yetu nani anasafiri na ana nafasi ya kilo ngapi. Safari hii mpigie kwanza fundi wako, umuulize ni spea gani anazozikosa na za modeli zipi, uandike orodha. Kilo zitakazobaki ndizo ziende kwenye zawadi.