Injini na Nafsi

Ndugu msomaji, gari ni neema, na kila neema ina hesabu yake.

Kijana mmoja wa hapa Njoro, niliyemfundisha Kurani utotoni, aliuza Altezza yake kuukuu, gari la mbio za ujana. Sasa ana mke na watoto watatu, akataka Subaru Forester. Akaniuliza: “Sheikh, injini za lita 2 ziko mbili, yenye turbo na isiyo nayo. Nichukue ipi?”

Nikamwambia: “Mwanangu, tupime kwa haki.” Turbo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa ndani. Mlimani hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Lakini turbo hutaka oili safi kwa wakati wake, hunywa petroli zaidi, na ikiharibika gharama ni kubwa.

“Ukweni Marangu wapanda mara ngapi?”

“Mara moja kwa mwezi.”

“Na siku zilizobaki?”

“Sokoni na shuleni.”

“Basi siku moja ya mlima itawale siku 29 za tambarare, na ada za watoto?”

Akacheka: “Sheikh, nilitaka nisikike nikipita.”

Angekuwa mkazi wa Marangu, ningemshauri achukue turbo. Israfu si kununua kitu chenye nguvu. Israfu ni kulipia nguvu isiyo na kazi, hali walio nyumbani wanapungukiwa.

Allah atujaalie kukijua kiasi chetu. Amin.