Miimo Miwili ya Boti

Kwa muda wa mwezi mzima nilitafuta jina la kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukishika kwa mikono yangu. Ni paipu mbili zilizosimama wima, moja kushoto na moja kulia, karibu na ncha ya nyuma ya trela ya kubebea boti. Trela inaporudishwa majini ikazama, paipu hizo hubaki zimechomoza juu ya maji, na boti inayorejea kutoka baharini hupita katikati yake hadi ikakaa mahali pake. Mafundi wa Mtwapa huziita "paipu za trela" na kazi huendelea. Mimi ni mtu wa mashairi, yangu haikuendelea.

Neno la kwanza kunijia lilikuwa nguzo, na nililikataa siku ile ile. Nguzo hubeba. Nyumba ina nguzo, dini ina nguzo, na ukiiondoa nguzo kuna kitu kitakachoanguka. Paipu hizi hazibebi chochote. Ukizing'oa, boti italala juu ya mbao zake vile vile. Mhimili una dosari hiyo hiyo, tena waziwazi zaidi, kwa kuwa umetokana na kuhimili. Nikafikiria gadi, neno la wana wa bahari ambalo vijana wengi hawalijui siku hizi: mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa, kisije kikalala upande maji yakitoka. Gadi inapendeza masikioni na ina harufu ya deheni na makumbi. Lakini gadi nayo inabeba, tena hubeba chombo kilichotulia, ilhali kazi ya paipu zetu ni kwa chombo kinachoelea na kuyumba. Upondo husukuma. Boya huelea. Na "mwongozo" tumekwisha kuwapa wachapishaji wa vitabu vya shule. Sidhani kama watatuazima.

Naeleza sasa kwa nini jambo hili halikuwa mchezo wa kamusi tu. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mvuvi. Boti yake ni ya faiba, urefu futi 19, na haioni haya kuitwa kuukuu. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Anaweza kushika usukani kwa mkono wa kulia na kulaza wa kushoto pajani kama mtu anayepumzika, na asiyemjua hatatambua. Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Kuipandisha boti juu ya trela kulihitaji vijana wanne wasimame majini hadi kifuani, wawili kila ubavu, wakiizuia isiende upande. Vijana hao hulipwa, na si kila alfajiri wanapatikana. Mmoja wao alibanwa vidole kati ya ubavu wa boti na bati la gurudumu, na kucha mbili zikatoka. Tangu siku hiyo dada yangu alianza kusema kwamba boti iuzwe, na hakuishia kusema: mnunuzi alipatikana, akaja kuitazama mara mbili.

Anayeendesha pikapu ni mpwa wangu, binti yao wa pekee. Ndiye aliyelieleza tatizo kwa ufasaha kuliko sisi sote.

"Mjomba," aliniambia, "trela ikiwa tupu nikairudisha majini, siioni tena. Natazama vioo vya pembeni na kuona maji matupu. Baba naye huko aliko haoni kitu cha kulenga. Tunakutana kwa kubahatisha."

Basi tulihitaji kitu cha kuonekana kwa watu wawili wanaotazamana kinyume: yeye kupitia vioo, baba yake kutoka usukani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya paipu hizi, na wengi huisahau wakidhani kazi yake ni kuizuia boti. Kuzuia ni kazi ya pili.

Fundi wa kuchomelea alitutengenezea miguu miwili ya chuma chenye umbo la herufi L, mkono mmoja ukilala chini ya fremu na mwingine ukipanda juu. Aliposhika mashine ya kutoboa, shemeji alimzuia. Fremu ya trela imepakwa zinki ndani na nje. Kila tundu jipya ni mlango wa kutu, na trela inayooga maji ya chumvi kila siku haihitaji milango zaidi. Kwa hiyo miguu ilifungwa kwa boliti zilizopindwa kama herufi U, zinazoikumbatia fremu bila kuitoboa. Juu ya kila chuma tulivika paipu nyeupe ya plastiki, pana kidogo kuliko chuma chenyewe, ili ubavu wa boti ukiigusa paipu izunguke badala ya kukwaruza. Utepe mwekundu unaong'aa ukazungushwa nchani.

Nilikuja kujua kwamba vipimo havichukuliwi trela ikiwa tupu. Boti hupandishwa kwanza, trela ikasimamishwa mahali tambarare, pimamaji likaonyesha kweli pametulia, na mkuku ukalazwa katikati sawasawa. Ndipo kamba ya kupimia inyooshwe kutoka kwenye winchi ya mbele hadi mguu wa kulia, kisha hadi mguu wa kushoto. Urefu wa pande mbili usipolingana, chombo kitaongozwa kwa uaminifu mkubwa kuelekea mahali pasipo pake. Tulitofautiana kwa sentimita 4, na fundi alitaka kuziacha. Shemeji hakukubali.

Nafasi kati ya paipu na ubavu ilileta mabishano marefu zaidi. Fundi aliacha kiganja kizima kila upande, kwa hoja kwamba boti ni mnyama anayehitaji kupumua. Tukaenda kujaribu kwenye mteremko wa saruji, hori ya Mtwapa, maji yakiwa yameanza kupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3, na maji mengi kiasi hicho hayatoki horini kwa upole. Mkondo uliisukuma tezi upande wa bahari, kusi ikaisukuma omo upande wa bara, na boti ikaingia kati ya paipu imekaa mshazari, ikapanda mbao kwa shavu moja. Kiganja cha huku na kiganja cha kule, jumla yake ni nafasi ya kutosha kupotea. Tulirudi tukapunguza hadi vidole viwili. Ikiwa nafasi ni finyu kuliko hapo, boti hukwama mawimbi yanapoipandisha na kuishusha. Ikiwa pana kuliko hapo, paipu zinabaki kuwa pambo.

Kulikuwa na mambo madogo pia. Boliti moja kwa kila mguu haikutosha: boti ilipoegemea, mguu ulizunguka juu ya fremu, ikabidi kuongeza ya pili. Paipu zilipaswa kukubali kupinda kidogo, kwani kinachokataa kabisa kupinda hupasua faiba. Na zilipoachwa wazi juu, pikapu ikishika kasi barabarani zililia kama barugumu, hata watu wa kituo cha matatu wakadhani kuna harusi. Tuliziziba kwa vifuniko.

Jina lilinijia siku niliyokuwa naeleza mlango kwa wanafunzi. Mlango wa nyumba ya Kiswahili una kizingiti, una ubao wa juu, na kila upande una mwimo. Mwimo hutokana na -ima, kitenzi cha kale cha kusimama, ambacho jirani zetu Wamijikenda bado wanacho na ambacho sisi tunakisikia ndani ya wima. Mwimo hausifiwi kwa kubeba paa. Paa lina kuta zake. Mwimo unasimama tu, na kwa kusimama kwake, pamoja na mwenzake, unasema: hapa ndipo pa kupita. Mwimo mmoja ni mti. Miimo miwili ni njia. Tena neno hili si geni baharini kama linavyoonekana, kwa kuwa bahari yetu ina milango tangu zamani, na penye mlango pana haki ya kuwa na miimo.

Wanaotunga watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea, nami nitakwenda hatua chache tu. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tumegombana kuhusu vina kana kwamba ni nguzo: upande mmoja ukisema ukiving'oa shairi litaanguka, upande wa pili ukiving'oa ili kuonyesha kwamba halianguki. Mimi ni mtu wa mizani 8 kwa 8, lakini naona upande wa pili walithibitisha walichotaka kuthibitisha. Halianguki. Kina cha kati na kina cha mwisho havikuwahi kubeba wazo. Ila nimesoma mashairi mengi, ya vina na yasiyo na vina, ambamo wazo limepanda mbao kwa shavu moja, na sijui kama watunzi wake waliwahi kushuka kulitazama. Na nimesoma mengine ambamo vina vimebanwa hadi wazo limekwama mlangoni, mtunzi akilisukuma kwa neno la ovyo ili lipite. Vidole viwili, nasema mimi. Wengine watapima kwa mikono yao.

Neno nilimpa mpwa wangu bila sherehe. Hakusema ni zuri wala baya. Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka horini: "Mjomba, mwimo wa kushoto umelegea, nilete spana ipi?" Boliti mpya hulegea baada ya safari za kwanza, rangi na zinki zikishasagika chini ya nati, hukazwa tena, zamu kwa zamu, huku na huku. Nilimtajia spana, akakaza mwenyewe.

Sasa wanapandisha boti watu wawili. Shemeji huilenga mikanda miwili myekundu, huzima injini boti ikishakuwa kati ya miimo, na mpwa wangu hushuka kuzungusha winchi, maji yakimfika magotini. Dada yangu alikuja mara moja kutazama, akasimama juu ya mteremko na mtandio wake ukipepea, asiseme neno. Mnunuzi hajamkatalia. Amemwambia asubiri kusi iishe.