BENCHI LA ZAHANATI YA GANJONI

Wahenga hawakukosea waliposema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana, tena kwa sauti ya juu, na leo nimekuja kuungama mbele yenu, wasomaji wapenzi wa jarida hili. Mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili aliponiomba, mimi mwanafunzi wa zamani, nieleze safari yangu ya udaktari, nadhani alitarajia nisimulie vitabu vinene na usiku wa kukesha. Vitabu vipo na kukesha kupo. Lakini safari yangu haikuanzia chuoni. Ilianzia kwenye benchi la mbao, Ganjoni.

Mwaka 2011 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kila siku nikitoka shule nilipita mbele ya zahanati ya manispaa. Nje palikuwa na benchi, na benchi hilo halikukosa akina mama wakingoja zamu yao. Wengine walikuwa waja wazito, wengine wamepakata watoto wenye kikohozi. Kisha kulikuwa na wengine ambao sisi watoto tuliwasikia wakubwa wakinong'ona kuwa ni "wale wa usiku". Walikuja mchana kweupe, wamejifunga leso zao vizuri, baadhi yao na mabuibui, na mtu mgeni asingewatofautisha na shangazi yake. Sisi tulidai twawajua wote. Tulikuwa na wimbo tuliouimba tukipita mbio, na maneno yake sitayaandika hapa kwa kumheshimu mwalimu mlezi wa chama.

Alasiri moja, tukicheza mpira uchochoroni, nilikanyaga chupa iliyovunjika. Damu ilivyoruka, wallahi nilidhani mguu umekwenda! Wenzangu, mabingwa wa kuimba, wote walitimua mbio. Aliyekuja ni mama mmoja kutoka pale benchini. Alinishika kidevu akanigeuza uso.

"Usiutazame mguu, baba. Nitazame mimi."

Akaufunga mguu kwa leso yake, akanibeba hadi ndani, akawaambia waliomtangulia, "Jamani, huyu mtoto kwanza." Nikashonwa nyuzi tano. Leso ilikuwa imelowa chapachapa. Aliikunja, akaitia mkobani, akarudi kuketi mwisho wa foleni, maana nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Juma lililofuata nilipita pale pamoja na wenzangu. Wakaanza kuimba. Ndugu msomaji, ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Niliogopa kuulizwa, "Mbona wewe huimbi?" Basi nikaimba, tena nikapaza sauti. Yule mama alikuwepo. Aliinua uso akanitazama, wala hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mguu umepona, baba?"

Sikumjibu. Nilikimbia. Sikumwona tena tangu siku hiyo.

Miaka ikapita. Nikasoma hapa shuleni, nikaipenda baiolojia, nikajaliwa kuingia chuo kikuu kusomea udaktari. Mwaka wa tatu mhadhiri wetu alimpa kila mwanafunzi utafiti mmoja ausome na kuwaeleza wenzake darasani. Wangu ulihusu virusi vya ukimwi. Niliufungua usiku, chai mkononi, na kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza nikakutana na neno lililonifanya niweke kikombe chini. Neno lenyewe lilikuwa Ganjoni.

Kumbe zahanati ile yetu yajulikana na madaktari dunia nzima! Tangu mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walikuwa wakifanya kazi pale, wakiwafuatilia wanawake waliokuwa wakiishi kwa biashara ya mwili. Mwanamke aliyekubali, kwa hiari yake, alirudi kila mwezi. Aliulizwa maswali, akapimwa, akatibiwa magonjwa ya zinaa kama anayo, akapewa ushauri na mipira ya kondomu. Hawakuwa wa kwanza nchini. Nairobi, mtaa wa Majengo ulioko Pumwani, kazi ya namna hiyo ilianza miaka ya 1980, na mmoja wa nguzo zake alikuwa muuguzi Mkenya, Elizabeth Ngugi.

Wengi wenu mlizaliwa dawa zikiwepo, hamwezi kuielewa hofu ya wakati ule. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya aligunduliwa mwaka 1984, na ilipofika Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyo yote mwananchi wa kawaida hakuwa na dawa ya kupunguza makali. Pale Ganjoni dawa hizo zilianza kutolewa mwaka 2004. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi wanawake wale walitoa damu yao mwezi baada ya mwezi, huku wakijua kwamba jibu likiwa baya, hakuna atakayewaponya. Na bado walirudi. Nani angewalazimisha? Haba na haba hujaza kibaba, nao walikijaza kibaba cha elimu kwa matone ya damu yao.

Sasa nieleze elimu hiyo ilifanya nini, kwa maana hapa ndipo nilipojifunza kazi ya mtafiti ni nini.

Mwaka 1998 matokeo ya Ganjoni yalionyesha kwamba wanawake waliotumia sindano ya kupanga uzazi waliambukizwa virusi takribani maradufu kuliko wasiotumia njia hiyo. Habari nzito! Mwaka 1999 ukachapishwa utafiti mwingine wa Mombasa hii hii, wa wanaume 746 wafanyakazi wa kampuni za malori. Wasiotahiriwa waliambukizwa kama mara nne zaidi ya waliotahiriwa. Mtu mwepesi angesema, basi, kesi imekwisha: pigeni marufuku sindano, tahirini wanaume wote.

Lakini taratibu ndio mwendo. Kufuatilia watu ni kama kuchungulia dirishani. Waona mambo mawili yaenda pamoja, lakini hujui ni lipi limemvuta mwenzake. Huenda anayedungwa sindano ndiye pia asiyetumia kondomu, kwa kuwa haogopi tena mimba. Huenda aliyetahiriwa ana dini au desturi inayomzuia na mengine. Ili kujua kwa hakika, lazima watu wanaokubali wagawanywe kwa bahati nasibu, kama kupiga kura, ili makundi yafanane kwa kila jambo isipokuwa lile moja linalochunguzwa.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa. Jaribio la tohara lilifanyika Kisumu kwa wanaume 2,784, na mengine Uganda na Afrika Kusini. Desemba 2006 majaribio ya Kisumu na Uganda yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajitokeza: tohara ilipunguza maambukizi kwa wanaume kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2007. Jaribio la sindano lilichelewa sana. Matokeo yake yalitoka mwaka 2019, kutokana na wanawake 7,829 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, waliogawanywa kati ya sindano, kipandikizi cha mkononi na koili. Haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Hata hivyo 397 kati yao waliambukizwa, ishara kwamba hatari kwa wanawake bado ni kubwa, njia yoyote watumiayo.

Mwaona? Mji mmoja, dalili mbili. Moja ilithibitika, nyingine haikuthibitika. Wala ile ya pili haikuwa kazi bure, kwani kama swali lisingeulizwa Ganjoni, jibu lisingetafutwa.

Niliyaeleza hayo darasani, nikapigiwa makofi. Nikajiona msomi. Kiburi hicho kilidumu hadi mwaka jana, nilipopelekwa kujifunza katika kituo kimoja cha utafiti hapa pwani. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kujaza fomu, kubandika nambari kwenye vichupa, na kuwapigia simu waliokosa kuja. Asubuhi moja mama mmoja wa makamo alinyoosha mkono nimtoe damu, kisha akaurudisha.

"Daktari, mwaka wa pili huu nakuja. Damu yangu yenda wapi? Na mimi, nitaambiwa mlichokiona?"

Nilikuwa na jibu la darasani, lakini kwake halikufaa. Nikaenda kwa msimamizi wangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Swali umeulizwa wewe. Nenda ukalijibu."

Nikarudi, nikaketi. Si kwenye kiti changu, bali benchini, ubavuni mwake. Nikamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani damu yaenda maabara ipi, yapimwa nini, na kwamba jina lake haliendi nayo, yaenda nambari tu. Nikamweleza pia yaliyopatikana zamani, ya Ganjoni na ya Kisumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe! Sasa naelewa. Miaka miwili nilidhani nyinyi mwachukua tu." Kisha akaunyoosha mkono mwenyewe.

Maneno hayo, "mwachukua tu", yalinichoma kuliko ile chupa. Tangu hapo nimejua kwamba utafiti haumaliziki unapochapishwa Ulaya na Marekani. Humalizika jibu linaporudi kwa aliyetoa damu, kwa lugha anayoielewa. Ndiyo maana nawaambia nyinyi wanachama wa chama hiki, msidhani Kiswahili ni cha insha na mijadala pekee. Siku ile kilinifaa kuliko kipima joto.

Sijui kama yule mama wa leso alikuwa mmoja wa wale waliofuatiliwa. Huenda alikuja na kikohozi chake tu. Wala si haki yangu kujua, na hilo nalo ni somo la udaktari: siri ya mgonjwa ni yake. Ninalolijua ni kwamba aliipoteza leso yake na nafasi yake kwenye foleni kwa ajili ya mtoto aliyemtukana, na akaja kumwuliza mtoto huyo hali yake baada ya kutukanwa tena.

Wenzangu mlioko madarasani, kesho mtapita mbele ya benchi fulani. Huenda ni la zahanati, huenda ni la ofisi ya chifu, huenda ni la hapa hapa shuleni. Mtawaona walioketi na mtasikia wenzenu wakianza wimbo. Msiimbe. Hamjui ni nani kati yao ataufunga mguu wenu, wala ni damu ya nani itakayowafunza udaktari.

Na wewe mama, popote ulipo, nimechelewa miaka mingi lakini sikusahau swali lako. Shikamoo. Mguu ulipona.