Kovu la Begani

Hela ya mabati ya nyumba yetu hapa Kasulu imekwenda kwenye kibofu cha baba mkwe. Mume wangu alisita, nikamwambia, "Bwana, mabati yatangoja."

Saratani yake haijafika kwenye msuli. Baada ya kuikwangua, daktari wa Dar akashauri BCG. Msomaji, gusa bega lako: ni ile ile ya kifua kikuu iliyokuachia kovu! Inapitishwa kwa mpira hadi kibofuni, mzee anabana mkojo saa mbili, mara moja kwa wiki, wiki 6. Vijidudu hivyo dhaifu vinaamsha kinga ya mwili, nayo inashambulia saratani. Utafiti wake wa kwanza ulitoka Canada mwaka 1976.

Sasa ni wiki ya 4. Mkojo unamchoma, homa kidogo. Akipiga simu anauliza maharage yamepaliliwa?