Kaa anayeitwa Samawati

Niko fildi ya ualimu huku kwetu Bariadi, kwenye sekondari moja ya kata. Vumbi ndo usiseme, chaki nakula kama chakula, na mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Ila stori ninayo.

Wiki hii nafundisha athropoda. Wenzangu wa sayansi mnaijua hiyo mada. Panzi unamkamata nje ya darasa, tandu unampata chini ya jiwe. Sasa kaa wa baharini je? Kutoka Bariadi mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi! Nikachora ubaoni, nikaandika jina la kisayansi. Binti mmoja wa kiti cha mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, haya majina si Wazungu walishayamaliza zamani? Sisi kazi yetu kukariri tu?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka jamani. Kama jibu ni ndiyo, basi miaka yangu mitatu ya chuo ni kujifunza kukaririsha watu, hakuna zaidi.

Kesho yake nikamjibu kwa kaa. Yuko kaa mdogo wa mikoko, wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1869 wataalamu walikuwa na jina la ndugu yake, Perisesarma guttatum, yule mwenye magando mekundu. Huyu wa pili alikuwa anatembea kwenye matope yaleyale, watu wanampita tu. Mwaka 2004 ndipo David Gillikin na Christoph Schubart wakamwandika rasmi kuwa ni spishi mpya. Jina wakampa Perisesarma samawati. Ndiyo, samawati hii hii yetu, rangi ya anga!

Nilipoandika neno hilo ubaoni, walilisoma wote kwa mara moja bila kusaidiwa. Haijawahi kutokea kwa jina la kisayansi.

Sasa unamtambuaje? Hapo ndipo utamu ulipo. Gamba lake la mgongoni linakaribia kuwa la mraba. Macho yako juu ya vikonyo, huku na huku kwenye pembe za mbele. Ana miguu kumi: jozi nne za kutembelea na jozi moja ya magando. Ukimgeuza utaona tumbo limekunjwa chini ya kifua. La dume ni jembamba, la jike ni pana la mviringo, maana ndipo anapobeba mayai. Mashavuni ana wavu wa vinywele vifupi. Akiwa nchi kavu, maji yanayotoka kwenye matamvua yanapita juu ya wavu huo, yanachukua hewa, kisha yanarudi ndani. Yaani anatembea na bwawa lake mwenyewe!

Lakini hayo yote hata ndugu zake wanayo. Kilichowatofautisha ni vitu vidogo: rangi ya magando, na vile vinundu vilivyojipanga juu ya kidole cha gando kinachofunguka, idadi yake na umbo lake. Kisha wakapima na vinasaba. Vinundu, wadau! Mtu alikaa akahesabu vinundu vya kidole cha kaa, dunia ikaongezeka kiumbe kimoja kwenye orodha.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2012 kaa mwingine wa mikoko yetu, aliyekuwa anaitwa Neosarmatium meinerti, alitenganishwa na wa visiwani akaitwa Neosarmatium africanum. Mwaka 2018 samawati naye akahamishwa jenasi, sasa ni Parasesarma samawati. Jino moja la pembeni mwa gamba, lililokuwa linatumika kutenganisha jenasi hizo mbili, lilionekana halielezi undugu vizuri. Jina la kwanza likabadilika, la Kiswahili likabaki.

Yule binti akauliza tena: "Kwa hiyo bado hawajamaliza?" Nikamwambia hawajamaliza, na kwenye maji baridi nako kazi ipo. Kaa wa mito na maziwa ya Tanzania waliandikiwa kitabu kizima na Reed na Cumberlidge mwaka 2006, na Ziwa Victoria, ambako Mto Simiyu unamwaga maji yake, lina Potamonautes wake. Gando ni lilelile, tumbo lilelile lililokunjwa. Hatuhitaji nauli ya Dar kumwona kaa.

Basi Jumamosi tunaenda mtoni na ndoo mbili. Vijana wawili wamesema wanajua mashimo yalipo. Mkaguzi wa chuo anakuja Jumatatu, na somo langu halimo kwenye kitabu kama lilivyo. Mwenzangu wa fildi ananiambia nicheze salama, nichore tu ubaoni. Sichori. Nikipewa alama ndogo nitakula nazo ugali, lakini watoto hawa watahesabu vinundu kwa macho yao.

Ninyi mlioko pwani, mkimwona kaa kwenye mikoko msimkimbize bure. Mtazameni kwanza magando. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa!